Nyayo Kwenye Ukurasa wa Maoni

Klak!

Mlango wa chuma ukajifunga nyuma ya Rhobi. Mpelelezi wa serikali, miaka minane kazini, kanaswa kama panya kwenye debe la mahindi.

"Sadock, fungua!"

"Tulia humo, dada, mpaka kazi yetu iishe!" Sadock, fundi mitambo wa redio ya umma ya Mugumu, alicheka huko nje. Hatua zake zikapotea.

Saa saba mchana. Chumba hakina dirisha. Bastola yake ya Glock haifai kitu. Risasi ingegonga chuma ikamrudia mwenyewe.

Akabonyeza redio ya mkononi, akawaita wenzake kwa majina ya siri.

"Chui, hapa Kware. Nimefungiwa."

"Kware, tuko Natta. Dakika arobaini."

Arobaini!

Pembeni alikaa Kornelio, mtengenezaji wa ukurasa wa maoni wa redio hiyo mtandaoni, amefungiwa tangu asubuhi. Jasho lilimtiririka.

"Tazama," alisema, akigeuza kompyuta.

Maoni yalimiminika. *Machochwe wameiba ng'ombe wa Kenyamonta! Tokeni na mikuki!* Mia nne, yote ya watu wa kukodiwa kutoka nje.

"Vijiji vipigane, polisi wakimbilie huko, lori la meno ya tembo ninalolifuatilia lipite," Rhobi alisema. "Futa."

"Sadock amebadilisha neno la siri. Nimebaki na fomu tu, yale maswali mtu anayojaza kabla maoni yake hayajaonekana." "Dada, mama yangu yuko Kenyamonta. Magoti yamekwisha. Hawezi kukimbia."

Halafu Rhobi akatabasamu.

Sadock katoka mbali. Hakujua kuwa huku mwizi wa ng'ombe hatajwi kwa mdomo mtupu. Unapigwa mwano, ule ukelele wa hatari, kijiji kizima kinafuata nyayo, na zinapoishia ndipo kesi ilipo.

"Weka maswali mawili. Mwano umepigwa wapi? Nyayo zimeishia wapi? Asiyejibu, maoni yake yafichwe. Na yaliyotangulia pia."

Vidole vya Kornelio vikakimbia.

Maoni yakapungua. Mia nne. Arobaini. Mawili.

Hakuna.

Kisha likaingia moja: *Mimi Gati wa Machochwe. Mwano haujapigwa. Nyayo za ng'ombe hakuna. Nimeona za matairi makubwa, zimeingia ghala bovu la pamba, njia ya Natta.*

"Chui! Ghala la pamba, hapo hapo mlipo!"

Walingoja. Weee, walingoja!

"Kware, lori tunalo. Sadock kakamatwa usukani. Ufunguo wenu umo mfukoni mwake."

Kornelio alikuwa tayari na simu sikioni. "Shikamoo mama. Mko salama?"

"Marahaba. Salama, kwani kuna nini? Nakaanga karanga, utaniunguzia."

Mlango ulipofunguliwa, Rhobi alivaa miwani yake myeusi.

"Dada, yale maswali niyaondoe?"

"Yaache."

Akapiga teke pikipiki yake ya Boxer, akaondoka bila kugeuka.