Mguu wa Kushoto wa Mama Domitila

Sogeeni. Sogeeni hapa karibu nami, joto linatutosha wote. Bernard, zima hiyo televisheni. Na wewe unayetafuna karanga, meza au tema, maana habari hii haitaki mlio wa kitu. Mmetimia? Haya. Kimya.

Dative mnamjua, yule wa ghorofa ya tisa hapa hapa mtaani kwetu Mount Dennis, huku ughaibuni, anayetunza wazee. Baridi ile ya mwaka elfu mbili na kumi na nne, Dative alikuwa halali. Sisemi alilala kidogo. Halali! Tangu mama yake, Mama Domitila, afariki kule Uvira, naye akashindwa kwenda kumzika kwa kuwa karatasi zake za ukimbizi zilikuwa hazijatoka. Siku arobaini, macho makavu kama ya samaki sokoni. Kazini akampa bibi mmoja dawa za bibi mwingine. Mungu saidia, bibi akazitema. Msimamizi akamwambia, ikitokea tena, usirudi. Na Dative ndiye aliyekuwa baba na mama wa binti yake, Ella.

Sasa, huyo Mama Domitila alikuwa mwoshaji wa maiti za wanawake. Dative tangu mdogo alimshikia ndoo, akauona utaratibu wake. Uso. Mkono wa kulia. Mkono wa kushoto. Mguu wa kulia. Hapo anasimama. Mguu wa kushoto anauviringisha kitambaa kikavu, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Mtoto wake yuko wapi?" Mtoto wa marehemu anaingia, anauosha mguu ule kwa mkono wake mwenyewe. Ukishaoshwa, marehemu amepewa ruhusa. Anakwenda, harudi.

Binamu yake, Tharcisse, alimwambia kwenye simu, "Tulimaliza yote, dada. Wewe lala."

Alale na usingizi wa nani?

Ni Chelagat, Mkenya aliyefanya naye kazi, aliyeleta habari ya tangi.

"Kuna mahali huko Weston wanakulaza juu ya maji ya chumvi. Giza, kimya, hakuna kitu. Unatoka umelegea kama mtoto mchanga."

"Nimekimbia vita nije kulala kwenye beseni?"

"Beseni lina mfuniko, wewe! Nenda, kabla hujatumalizia wazee."

Akaenda Ijumaa, saa kumi na moja jioni, jua la baridi likiaga. Ella, miaka kumi na mitano, akamsindikiza, masikio yamezibwa na muziki. Mtoto yule alikielewa Kiswahili chote, lakini hakikuwahi kumtoka mdomoni. Ukimsemesha, anakujibu kwa Kiingereza.

Mwenye mahali pale alikuwa Almina, Mhindi mzaliwa wa Bukoba. "Karibu, mama. Unalala chali, maji yanakubeba yenyewe. Saa moja tu. Ukiona hofu, sukuma mfuniko, haufungwi."

Ella akabaki kwenye kiti, nje ya mlango wa chumba.

Dative akaingia. Tangi jeupe, kubwa, kama yai lililokatwa. Maji ya uvuguvugu, huyasikii yanapoanza wala ngozi inapoishia. Akavuta mfuniko.

Giza.

Akafumbua macho, akafumba. Hakuna tofauti. Akasikia moyo wake, du... du... du... Kisha hata moyo akaacha kuusikia. Mwili ukalegea. Usingizi, ule aliousaka siku arobaini, ukaanza kumnyemelea vizuri...

Maji yakatikisika.

Yeye hakuwa amejitikisa.

Pua ikakamata harufu. Si ya chumvi. Sabuni ya mawese, ile ya kijani, iliyochemshwa nyuma ya nyumba Uvira.

Kiganja kikampita usoni. Polepole. Kutoka paji la uso hadi kidevuni.

Dative akajiambia, naota. Kiganja kikashika mkono wa kulia. Kikaufuata kidole kwa kidole. Kikahamia mkono wa kushoto. Akataka kupiga kelele, mdomo ukawa si wake. Mguu wa kulia... paja, goti, wayo.

Hapo kikasimama.

Kitambaa kikauviringisha mguu wake wa kushoto. Ndani ya maji yale, wanangu, kitambaa kilikuwa kikavu.

Na sauti, chini, karibu na sikio:

"Mtoto wake yuko wapi?"

Nje, kiti kikalia. Nyayo. Ella!

"Usije," Dative akasema. Hakuna sauti iliyotoka. Aliyajua yale. Ella akiugusa mguu ule tu, mama yake amekwisha pewa ruhusa.

Mfuniko ukainuka. Nuru haikuingia. Mkono wa mtoto ukaingia gizani, ukapapasa maji.

Dative akajikaza kwa nguvu zake zote, akaukunja mguu wake. Ndipo wayo wake ukagonga wayo mwingine.

Wa baridi. Kisigino kimepasuka, mchanga umejaa kwenye nyufa. Kidole kidogo hakina ukucha, uliong'olewa na jembe Dative akiwa na miaka sita, akiona.

Mguu wa mama yake.

Hapo ndipo alipokosea, na mwenyewe aliniambia akilia kwenye kochi hili. Mguu ule ulikuwa wake kuosha. Mikono yake ilikuwa imekwisha funguka. Lakini aliogopa, wanangu. Akaukamata mkono wa Ella, akaubandika juu ya mguu ule wa baridi, akausugua nao. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Maji yakatulia.

Taa ilipowaka, Ella alikuwa amepiga magoti, chumvi imemkaukia hadi kwenye viwiko. Kwenye sakafu ya tangi, mchanga kidogo.

"Nani kakuambia uingie?" Dative akamuuliza, meno yakigongana.

Ella akamtazama. Akajibu kwa Kiswahili, cha Uvira kabisa, polepole kama mtu mzima.

"Bibi aliniita. Aliuliza mtoto wake yuko wapi."

Kesho yake Dative akampigia Tharcisse. Tharcisse akakana, akakana, kisha akalia. Mvua ilikuwa kubwa, kaburi lilikuwa linajaa maji. Walimzika Mama Domitila na kitambaa chake mguuni.

Basi Dative alirithi usingizi. Analala hata ndani ya basi, ila mguu wa kushoto haupati joto, hata avae soksi ngapi. Tharcisse alirithi kitambaa. Alikikuta kwenye uzio wa nyumba yake, kikavu, siku ya mvua. Ella amerithi mikono. Mwanamke wa kwetu akifa mji huu, humwiti Ella. Unamkuta mlangoni na ndoo yake.

Jana alikuja kunijulia hali. Tukanywa chai, tukacheka. Alipoinuka kuondoka akanitazama mguu huu wa kushoto. Akaniuliza, kwa upole kabisa, watoto wangu wako wapi.

Ndiyo maana nimewaita.