Mtutu Uliokuwa Ndani ya Sauna

Mbele ya wawindaji sita wa kijijini kwetu Savo, nilitamka kama profesa kwamba bunduki ya rafiki yangu Veikko haijabadilishwa hata skrubu. Veikko akanionyesha: nambari ya mtutu na ile ya bamba la kitako hazifanani. Mtutu ulibadilishwa vitani. Walinicheka mpaka kahawa ikawapalia. Veikko hakucheka.

Baadaye akaniambia kwa nini. Bunduki hiyo aliinunua mnadani akishuku ni ya babu yake Onni, aliyerudishwa kutoka vitani ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari. Jana yake aliingia sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, kuwasha moto. Mle gizani akasikia chuma kikikwaruza mawe ya jiko, taratibu, kisha kimya. Akapapasa, akashika kile chuma cha kuchochea moto, bomba kuukuu alilolizoea tangu utotoni. Akalifuta masizi. Lilikuwa mtutu, na nambari yake ndiyo ile ya kwenye kitako.

Akamfuata mama yake, Kerttu. “Mama, hiki nani alikileta?”

“Baba yangu.”

“Kabla hajaenda vitani?”

Mama hakugeuka. “Wiki tatu baada ya sisi kumzika. Kaongeze kuni, maji yanapoa.”