Mawe ya Mvua Kwenye Kibuyu cha Mama Mkwe

Joan Chepkosgei alikuwa amechoka kabla siku haijaanza, na sasa siku ilikuwa inaisha. Lori la kiwanda lilikuwa limechelewa kuja kubeba majani chai, kama kawaida yake, na wanawake wa Boito walisimama kwenye kituo wakipiga soga hadi soga ikawaishia. Alipomaliza kupimiwa, ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka bondeni. Alitia kikapu kitupu mgongoni akashika njia ya nyumbani pamoja na jirani yake Yunia, mama wa Kikisii aliyehamia huku na mumewe zamani, na ambaye mdomo wake haukujua likizo.

Leo hata Yunia alikuwa kimya. Alijua ni siku gani.

Asubuhi ile Kipkurui, mume wa Joan, alikuwa ameenda Kericho kupiga simu Uingereza. Simu ya kuua, Joan alijiambia, kisha akajikemea. Simu ya kumaliza tu.

Mambo yalianza mwaka wa tisini na moja. Kiwanda kilimpeleka Kipkurui kusomea mitambo huko, Joan akamfuata, na kwa kuwa ndoa yao ilikuwa na umri lakini haina mtoto, wakaingia hospitali ya wazungu. Madaktari walitoa mayai yake, wakayakutanisha na mbegu za mumewe ndani ya kioo, na kweli yakashika. Mawili yalirudishwa tumboni. Hayakukaa. Matatu yaliyobaki yakawekwa kwenye baridi kali, ndani ya pipa linalofuka moshi mweupe, yamsubiri. Masomo yakaisha, wakarudi nyumbani kwenye majani yao, na yale matatu yakabaki huko. Sasa ilikuwa tisini na sita, na sheria ya kule ilikuwa inadai jibu: yaendelee kutunzwa, au yamwagwe.

Joan ndiye aliyesema yamwagwe. Hakupiga kelele, hakulia. Alikuwa anasonga ugali.

"Nimechoka, Kipkurui," alisema. "Nimechoka kuwa na watoto ambao siwezi kuwafunika blanketi."

Walikuwa wamefika pale njia inapopita katikati ya majani ya Joan mwenyewe, kando ya kijumba cha mama mkwe wake, wakati Yunia alisimama ghafla.

Chafya.

Ndogo... laini... Chafya ya mtoto mchanga.

Ilitoka chini, kati ya mistari ya michai, mahali ambapo mtu mzima hawezi kujificha. Kisha ikaja harufu. Ugoro. Na baridi ikapita miguuni mwao, ikielekea kwenye kijumba.

"Ni mtoto wa nani huyo ameachwa kwa baridi?" Joan alinong'ona. Alitenganisha matawi kwa mikono miwili, akainama, akatazama. Udongo. Majani yaliyoanguka. Hakuna mtu.

"Wachana nayo, Joan," Yunia alisema kwa sauti ya chini. "Mimi husikia hiyo kitu hapa kila jioni. Tangu ile mvua ya mawe ya mwaka jana. Sikutaka kukuambia, si unajua vile uko na mambo mengi."

"Na ni nini?"

"Uliza mama yako huko ndani. Mimi naenda kupikia watoto."

Akaenda, tena mbio, na kikapu chake kikimrukaruka mgongoni. Joan alibaki peke yake. Angetaka kukimbia pia, lakini kulikuwa na mama mkwe wa kupikiwa uji, na mtu akichoka sana hata woga humjia polepole.

Mama mkwe wake, Tapsabei, ambaye mtaa mzima ulimwita Kogo, yaani nyanya, hakuwa ametoka nje ya kijumba chake kwa zaidi ya mwaka. Alikuwa na ugonjwa usio na jina. Hakukohoa, hakuwa na homa. Alikuwa na baridi tu. Alikaa karibu na moto hadi sketi yake ikaungua ukingoni, na blanketi juu ya blanketi, na bado meno yake yalikuwa yakigongana. Joan alimwogesha, akamlisha, akamfulia. Kazi haikwisha, lakini alimpenda. Katika ukoo mzima, huyu ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kumuuliza atazaa lini.

"Ametoka tena?" Kogo aliuliza kabla Joan hajaweka kikapu chini.

"Nani, Mama?"

Kogo alielekeza kidevu juu. Juu ya moto, mahali ambapo watu huning'iniza nyama ikauke, kulikuwa na kibuyu cha maziwa. Joan alikuwa amekiona kila siku bila kukitazama. Sasa alikitazama. Moto ulikuwa unawaka chini yake, na kibuyu kilikuwa kinatoka jasho. Matone yalining'inia kwenye ngozi yake.

"Kishushe. Fungua."

Aliposhika, vidole vilimwuma. Alifungua kifuniko, akainamisha kibuyu kwenye mwanga.

Mawe ya mvua.

Meupe, makavu, yamejaa hadi shingoni. Kama yaliyoanguka sasa hivi.

"Mama... haya ni ya lini?"

"Ya ile siku yalipopiga majani yetu yote. Kipkurui aliniambia watoto wenu wamelala kwenye barafu. Nikamuuliza, barafu ni nini? Akasema, ni kama mawe ya mvua." Kogo alivuta blanketi. "Basi Mungu alipoyamwaga hapa mlangoni, nikasema, wameletwa. Barafu ni ile ile. Nikayaokota, nikakaa nayo, nikawaita."

Joan alielewa. Mtoto wa Kipsigis akizaliwa, wanawake wazee humzunguka wakitaja majina ya waliokufa wa ukoo, moja baada ya jingine, na ugoro kidogo karibu na pua yake. Jina likimfanya apige chafya, basi huyo ndiye mzee aliyerudi. Mchungaji wao hakulipenda jambo hilo, lakini hata nyumbani kwa mchungaji lilifanywa, mlango ukiwa umefungwa. Ila hufanywa kwa mtoto aliyezaliwa. Hakuna aliyewahi kusikia likifanywa kwa mtoto aliye ng'ambo ndani ya pipa.

"Niliita wa upande wa mume wangu, wote," Kogo alisema. "Kimya. Nikaita wa kwetu. Kimya. Nikaona uchungu, Joan. Watoto wapo na hakuna mtu wetu anayewataka? Sasa nikataja la kwangu."

"Lakini wewe hujafa."

"Hilo ndilo kosa langu." Meno yake yaligongana. "Nikasikia chafya. Humo ndani. Tangu siku hiyo nusu yangu iko humo na nusu iko hapa, na zote mbili zina baridi. Jioni hutoka, hutembea kwenye majani, kisha hurudi. Inangoja umlete mtoto nyumbani ili niingie."

Joan alitazama mlangoni, upande wa barabara.

"Kipkurui ameenda wapi leo?" Kogo aliuliza.

Joan aliweka kibuyu chini, akatoka mbio.

Alikimbia kupitia majani, matawi yakimchapa miguuni, na alipokuwa akikimbia aligundua kwamba hakuwa anakimbia kwa sababu ya Kogo peke yake. Aliwataka. Watatu wote. Aliwataka vibaya sana, kama mwaka ule wa kwanza, na uchovu wake wote ulikuwa uongo mtupu aliojifunika nao.

Alimkuta Kipkurui akishuka kutoka barabarani, mkate mkononi, macho yamevimba.

"Rudi ukapige tena," alisema akihema. "Waambie wangoje."

"Joan..."

"Waambie nimebadilisha nia!"

"Posta imefungwa." Alisema polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Huko kwao bado ni mchana. Walisema watafanya kabla ya kufunga kazi. Labda ni sasa hivi, Joan. Labda..."

Kaaa!

Mlio kama wa kuni kubwa inayopasuka. Ulitoka kwenye kijumba.

Waliingia pamoja. Kogo alikuwa ametupa blanketi zote. Alikuwa amelala chali kwenye ngozi yake ya kulalia, jasho likimtiririka usoni, akitabasamu kama msichana aliyetoka kucheza juani. Kibuyu kilikuwa kimepasuka shingo. Ndani yake, maji yalikuwa yanacheza.

"Nimepata joto," Kogo alinong'ona.

"Mama!" Kipkurui alipiga magoti.

Lakini macho ya mama yake yalikuwa kwa Joan na kile kibuyu. "Usimwage," alisema. "Joan, tafadhali... usinimwage."

Hakusema tena.

Kipkurui alilia kwa sauti. Baadaye, akifuta uso kwa mkono, aliona mkewe ameokota kibuyu, amesimama nacho kifuani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto bila kuambiwa ni wa nani.

"Mwaga hayo maji, Joan."

Joan alitazama maji. Leo walikuwa wamemwaga ya kutosha. Kibuyu kilikuwa kinavuja kwenye ufa, tone kwa tone, na hakuwa na chombo kingine karibu.

Akanywa. Yote.

Yalikuwa na ladha ya moshi na ugoro, na yalishuka kifuani yakiwa baridi kuliko maji yoyote aliyowahi kunywa.

Walimzika Kogo kando ya majani. Daktari alisema mapafu. Mchungaji alisema wakati wake ulifika. Kipkurui, baada ya Joan kumsimulia yote, alisema mama yake alikuwa akijaza kibuyu upya kila yaliponyesha mawe, naye Joan hakumkumbusha kwamba yalikuwa hayajanyesha tena tangu ile siku. Hakuwa na nguvu za kubishana.

Siku zake za mwezi hazikuja. Mwezi uliofuata pia hazikuja. Akaenda zahanati kimya kimya, na muuguzi, dada mmoja mpole aitwaye Loice, akamlaza, akaweka kile kipembe cha kusikilizia watoto juu ya tumbo, akainamisha sikio. Mara moja akalitoa.

"Hakuna kitu, mama," alisema. "Labda ni umri." Lakini alikuwa akilisugua sikio lake kwa kiganja, akiendelea kulisugua hata Joan alipokuwa anafunga mlango.

Jioni hiyo Joan alirudi kutoka kituo cha majani pamoja na Yunia, aliyekuwa akimsimulia habari za arusi moja huko Silibwet. Ukungu ulikuwa unapanda. Kijumba cha Kogo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Walipofika mahali pale, ikaja harufu ya ugoro.

Chafya.

Ndogo. Karibu sana.

"Woi! Si tulizika hii kitu?" Yunia aliruka, akageuka kuangalia kwenye majani, upande huu na upande ule, mkono kinywani.

Joan hakugeuka. Alisimama, akafungua leso yake, akaizungusha tumboni, akaikaza.

"Nyamaza, Mama," alinong'ona. "Tunafika nyumbani sasa hivi."