Sikio la Kushoto la Bobini

Siku hiyo cherehani ya mama ilikuwa na maneno. Ilishona kidogo, ikakohoa, ikakata uzi. Mama akaipiga kofi. Ikakohoa tena.

"Bobini! Njoo useme na mwenzako huyu kabla sijamtupa nje!"

Bobini ni jina ambalo mama alimpa binti yake tangu utotoni, kwa sababu hakuwa akitulia. Alizunguka kutwa nzima kama kile kigurudumu cha uzi. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa. Kesho yake angeanza mwaka wa kwanza katika chuo cha ufundi.

Alivuta kigoda, akaweka kiganja juu ya mashine.

"Kanyaga, mama. Taratibu. Haya, basi. Skrubu ya chini imelegea."

"Umeisikia?"

"Nimeigusa."

Sikio la kushoto la Bobini lilikuwa halisikii kitu. Alipokuwa mdogo lilitoka usaha. Watu wakasema litapona lenyewe. Halikupona. La kulia lilikuwa zima. Basi akajifunza kusikiliza mashine kwa mkono, na mkono wake haukuwahi kumdanganya.

Alikuwa bado amechuchumaa na bisibisi mkononi mjomba alipoingia. Huyu alikuwa kaka wa mama, mtu wa haraka na mwenye majibu ya kila kitu. Mkononi alikuwa na karatasi mbili.

"Mwanachuo! Kesho kila mgeni atajitambulisha mbele ya darasa. Nimeshakumalizia. Kalamu amekuchapia."

Kalamu alikuwa mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Barua zote za mtaa zilipita kwake. Bobini akasoma:

"Mimi ni kijana mwadilifu, mchapakazi na mwenye ndoto kubwa. Napenda kusoma vitabu, kusafiri na kuogelea. Mwaka huu natarajia kutimiza malengo yangu yote."

Akainua macho.

"Mjomba, mimi na kuogelea wapi na wapi? Maji yangu mimi ni ya beseni."

"Kalamu anajua wanachotaka. Ameandikia wengi."

"Na hayo malengo yangu yote ni yapi?"

"Yote ni yote! Usinichoshe."

Karatasi ya pili ilikuwa fomu ya chuo. Chini kulikuwa na swali: Je, una tatizo lolote la kuona, kusikia, kutembea au jingine? Mjomba alikuwa ameshajaza: Hapana.

"Na sikio je?" Bobini akauliza.

"Sikio lina nini? Si unalo jingine?"

Mama akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Kaka, wakija kujua..."

"Watajuaje? Dada, nafasi ni arobaini na walioomba ni mia tatu. Akitaja sikio, wanamchukua mwenye mawili. Weka saini, mjomba wangu, ufunge mdomo. Siku ukipata cheti, litangaze hata kwa kipaza sauti."

Bobini akamtazama mama. Mama akajifanya anatafuta sindano. Bobini akaweka saini, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Asubuhi wanachuo wapya arobaini walisimama katika karakana. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mwembamba, aliyenyooka, asiye na mchezo. Wanachuo wa mwaka wa pili walimwita Nondo, lakini kwa mbali.

Mashine ya kukereza vyuma ilikuwa inazunguka. Bobini aliitazama, akaona inatetemeka isivyo. Kiganja kikamwasha. Akapiga hatua moja mbele. Akapiga nyingine.

"Rudi nyuma!" Nondo alipiga kelele kutoka upande wa kushoto. "Wewe! Mwenye ovaroli fupi! Rudi!"

Sikio la kulia lilikuwa limejaa ngurumo ya mashine. Bobini akanyoosha mkono.

Mara akavutwa ukosi, akaanguka kitako. Aliyemvuta alikuwa msichana mrefu ajabu, ambaye wenzake walikuwa wameshamwita Twiga. Mkono wa ovaroli ulikuwa umebakiza upana wa vidole vinne tu kufika kwenye chuma kinachozunguka.

Nondo akazima mashine.

"Hayo masikio umeyavaa kama hereni?"

Darasa zima likacheka. Bobini akainuka, akajipangusa vumbi.

"Samahani, Mwalimu."

"Samahani haiungi mkono uliokatika. Twendeni darasani."

Darasani Nondo akakalia ukingo wa meza. Mafaili yao yalikuwa kando yake.

"Jitambulisheni. Wa kwanza!"

Kijana mmoja akasimama na karatasi. "Mimi ni kijana mwadilifu, mchapakazi na mwenye ndoto kubwa..."

Wa pili akasimama. Naye alikuwa mwadilifu, mchapakazi na mwenye ndoto kubwa. Alipofika wa tatu kwenye kuogelea, darasa lilikuwa linamsaidia kusoma.

"Basi, basi!" Nondo akasema. "Wote walioandikiwa karatasi hiyo wasimame."

Wakasimama kumi na mmoja. Bobini alikuwa mmoja wao.

"Makubwa! Timu nzima ya waogeleaji, na chuo hata dimbwi hatuna. Sasa nisikilizeni. Mimi nataka kuwafundisha, na siwezi kumfundisha mtu nisiyemjua. Niambieni ninyi ni nani na mnaweza kufanya nini kwa mikono yenu. Mwaka huu mnataka kujua kitu gani? Kitu kimoja, chenye jina. 'Malengo yote' siwezi kuyaweka mezani nikayafungua. Halafu niambieni wapi mtahitaji msaada. Hapo ndipo wengi mnaficha. Haya, ovaroli fupi, anza wewe."

Bobini aliangalia karatasi ya Kalamu. Alikumbuka vile vidole vinne. Sauti ya mjomba ilimwambia afunge mdomo. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Mimi ni mtoto wa fundi cherehani," akasema. "Mama amenisomesha kwa kukanyaga. Tangu nikiwa na miaka kumi natengeneza mashine yake, na za majirani sita. Napenda kufungua kitu kibovu na kukirudisha kizima bila skrubu kubaki. Mwaka huu nataka kujua mota. Nataka kuifungua, kuifunga, halafu niifunge kwenye cherehani ya mama, miguu yake ipumzike."

Akagusa sikio la kushoto.

"Na sikio langu la kushoto ni bovu. Halisikii kabisa. Nimeambiwa nikisema mtanirudisha nyumbani. Kama ni kunirudisha, nirudisheni leo nikiwa na mikono yote miwili. Lakini sitakaa hapa mwaka mzima nikijifanya nasikia. Na sikio langu si hereni, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka.

Nondo akatafuta faili lake, akafungua fomu. "Hapa pameandikwa 'Hapana'."

"Sikuandika mimi. Ila saini ni yangu, na niliweka nikijua. Nipe kalamu nisahihishe."

Nondo alimkazia macho. Bobini hakuyakwepa. Mwisho Nondo akachomoa kalamu, akampa. Bobini akakata "Hapana", akaandika "Ndiyo, sikio la kushoto", kwa herufi kubwa.

"Umenisahihisha na mimi," Nondo akasema mbele ya wote. "Lile neno la hereni nalifuta. Sasa sikieni wote. Swali hili hatuulizi ili tumfukuze mtu. Tunauliza ili tujiandae. Ningejua tangu jana, leo ungesimama sikio lako zima likiwa upande wangu. Jumatatu nenda hospitali, wakupime masikio yote mawili. Hilo zima tulilinde. Usaha ukitoka sikioni, hata tone, usingoje lipone lenyewe. Na ishara ya karakana tutaibadilisha. Kupiga kelele hakutoshi."

Jioni mjomba aliposikia, alishika kichwa. "Umejimaliza mwenyewe!"

"Sijajimaliza. Nimejitambulisha."

"Mwache," mama akasema. Safari hii hakutafuta sindano. "Na mimi nilipaswa kusema jana. Nilinyamaza, nikakosea."

Wiki ya pili taa kubwa nyekundu ilifungwa ukutani, na swichi yake mlangoni. Ikiwaka, kila mtu anaondoa mikono kwenye mashine na kugeuka. Daktari aliandika kwamba sikio la kulia ni zima. Bobini akapewa vizuia kelele vya kuvaa masikioni, vya kulilinda. Wote wakapewa.

Mwisho wa mwaka chuo kiliwaalika wazazi. Mama alikuja na mjomba. Mashine zote zilikuwa zinanguruma. Juu ya meza ya Bobini kulikuwa na mota ndogo inayozunguka, yeye ameiwekea kiganja, kichwa ameinamisha.

"Bobini!" mjomba akaita kutoka mlangoni. "Bobini! We Bobini!"

Mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuna aliyegeuka, wala Twiga mwenye masikio yake mawili mazima.

Mama akasoma maandishi yaliyo juu ya swichi, taratibu, neno kwa neno. Akabonyeza.

Taa ikawaka. Mikono yote ikaondoka kwenye mashine. Vichwa arobaini vikageuka.

Bobini akavua vizuia kelele, akawajia huku anafuta grisi mikononi. Akamsalimia mama kwanza, kisha akamgeukia mjomba, ambaye alikuwa bado anahema.

"Karibu, Mjomba," akasema. "Je, una tatizo lolote la kuona, kusikia au jingine?"