Ini Lina Cherehani Moja

Watu wengine wakihamia nchi ya watu hununua ramani. Baba Pacha alinunua raundi za bia.

Alikuwa dereva wa gari la kunyanyulia mizigo ghalani. Ghala lenyewe lilikuwa refu ajabu. Ukipiga chafya mlango wa mbele, aliye mlango wa nyuma hukuambia "afya" kesho yake.

Mwaka wa kwanza alikwenda kazini, akarudi nyumbani, basi. Mwaka wa pili wenzake wakamwambia, "Bwana, utaijuaje nchi yetu bila kuonja vinywaji vyake?"

Akaona wanasema kweli. Kila Jumatano jioni wakawa wanakwenda baa moja yenye muziki, karibu na stesheni.

"Najifunza nchi," alimwambia mkewe.

"Jifunze," Mama Pacha alijibu. "Mimi naisoma kupitia dirisha la jikoni."

Alhamisi moja Baba Pacha aliamka saa kumi na moja alfajiri. Usiku alikuwa amekoroma hadi vifuniko vya sufuria vikamwitikia. Hakujali. Aliamini kuwa ukilala, pombe nayo inakwisha. Akaoga maji baridi. Akanywa kahawa nyeusi vikombe viwili. Akatafuna karafuu, mdomo ukanukia kama harusi.

Saa moja asubuhi alifika getini. Mlinzi alikuwa na kipimo kipya cha kupuliza. Baba Pacha akavimbisha mashavu, akapuliza. Taa nyekundu ikawaka.

"Lakini nimelala!" alisema.

"Kipimo hakiulizi kama umelala," msimamizi alimjibu. "Chini ya mzigo wako wanapita watu. Rudi nyumbani. Hili ni onyo. Likiwa la pili, kazi huna."

Na kazi ikienda, kibali cha kuishi kinaifuata. Mke na pacha wake wawili, walioanza shule juzi tu, wangefunga virago. Baba Pacha alirudi nyumbani.

Alimkuta Mama Pacha jikoni na jirani yao, Nesi, aliyekuwa ametoka zamu.

"Shemeji, mbona umerudi na jua changa?" Nesi aliuliza.

Akawasimulia. Mama Pacha akaketi, akajishika kichwa. Nesi hakucheka.

"Ulikunywa nini, shemeji?"

"Vigilasi vinne tu vya kile kikali."

"Na bia?"

"Hizo nilikuwa nateremshia."

"Ngapi?"

"Tano." Akakohoa. "Kubwa."

"Sikiliza. Kigilasi kimoja cha kikali ni kipimo kimoja cha pombe. Bia kubwa moja ni karibu vipimo viwili. Kwa hiyo ulikunywa vipimo kumi na vinne. Sasa, ini lako ni fundi mwenye cherehani moja. Kipimo kimoja hukishona kwa saa nzima, mara nyingine zaidi. Ulianza saa ngapi?"

"Saa mbili usiku."

"Basi angemaliza saa nne asubuhi, akijitahidi sana. Wewe saa moja uko getini."

"Na kahawa? Na maji baridi?"

"Hao ni wateja wanaopiga kelele mlangoni. Fundi hashoni haraka kwa kelele. Kahawa inakuamsha tu. Unakuwa mlevi aliye macho."

Mama Pacha akacheka bila kutaka.

"Kwa hiyo niache kabisa kutoka?" Baba Pacha aliuliza.

"Kuacha pombe ndiyo salama zaidi. Lakini ukinywa, usinywe usiku wa kuamkia kazi. Kula kwanza. Hesabu vipimo, si gilasi. Kunywa maji katikati, na ujue mapema utaishia wapi. Tena usiendeshe chochote, hata baiskeli."

Jumatano iliyofuata wenzake walimwita. "Twende! Au mkeo amekufunga kamba?"

"Amenifunga," alisema Baba Pacha. "Nami nimemwomba aikaze."

Walimcheka hadi Ijumaa.

Jumamosi, jua likiwa bado juu, Nesi alibaki na pacha. Baba Pacha alikula akashiba, akaenda baa na mkewe kwa treni. Akanywa bia moja ndogo, akafuatisha maji. Mama Pacha akaagiza juisi ya tangawizi. Bendi ikaanza.

"Kumbe mpiga ngoma ni mwanamke!" Baba Pacha alishangaa.

"Miezi minne unakuja hapa," mkewe alisema, "ulikuwa unasikiliza kwa macho gani?"

Bendi ilipopumzika, mpiga ngoma alikuja kuwasalimu. Mkononi alikuwa na gilasi yenye kinywaji kisicho na rangi.

"Hicho ni kile kikali?" Baba Pacha aliuliza.

"Ni maji, kaka. Alfajiri nakwenda kuoka mikate. Mashine ya kukandia unga ikikukata vidole, havioti tena."

Baba Pacha alitazama vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Kisha akamwita mhudumu, akaomba maji.

Mwisho wa mwaka ulifika bila onyo la pili. Msimamizi akaandika barua ya kuthibitisha kazi, kibali kikaongezwa miaka miwili. Mama Pacha aliisoma barua hiyo mara tatu, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake.

"Vaa viatu," alimwambia mumewe. "Leo mahali pa kutembea nachagua mimi."