Dirisha Lisilobisha Hodi

Simu iliita mara moja.

"Mvua imeingia Gando," ilisema sauti ya Bi Kazija, mkuu wa Idara.

"Na mwavuli uko Jadida," alijibu Shamima, akakata.

Maana yake ilikuwa moja tu. Boti ya Talib, mfalme wa magendo ya karafuu, ilikuwa imeng'oa nanga.

Shamima, jasusi wa Idara isiyo na kibao mlangoni, alikuwa ghorofani hapo Jadida, juu ya duka la vitambaa la Bi Bilkis. Miwani ya Ray-Ban kichwani. Bastola ya Beretta chini ya pakiti ya ubuyu. Mbele yake, kompyuta nyeusi ya ThinkPad, madirisha mawili yakiwa wazi kwenye kioo.

La kwanza lilikuwa la kundi la ujumbe la Talib na watu wake, ambamo Shamima alijifanya wakala wa mnunuzi. Humo ilionekana ramani, na boti ikisogea kama nukta nyekundu. La pili lilikuwa la siri, la Kapteni Nyange wa boti ya doria.

Ndani ya boti ya Talib alikuwamo Seif, mtu wa Idara. Nyange hakumjua kwa sura, na askari wake walikuwa na ruhusa ya kufyatua risasi. Alama ya Seif ilikuwa kofia ya kijani. Nyange asipoijua, Seif angekufa. Talib akiijua, Seif angekufa vibaya zaidi.

Shamima akamwandikia Nyange, macho kwenye vitufe. Kwa Mpemba, hata amri ya vita huanza kwa salamu.

*Assalaam alaykum yakhe. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Mama presha imeshuka?*

Akatuma. Akaendelea: *Mtu wetu ni mwenye kofia ya ki*

Akainua macho.

Dirisha lililokuwa mbele halikuwa la Nyange.

Alipokuwa akiandika, ujumbe wa mtu mwingine ulikuwa umeingia kwenye kundi, na dirisha la Talib likaruka mbele lenyewe, bila hodi, likanyakua kibodi. Salamu zote zilikuwa zimekwenda kwa Talib. Kofia ilikuwa inasubiri kutumwa.

Akaifuta. 

Jibu la Talib likaja.

*Mama yangu alikufa Rajabu. Wewe unamuulizia nani?*

Simu ikaita. "Nyange hamfikii," alisema Bi Kazija. "Talib ana injini mbili za Yamaha. Alama iko wapi?"

"Inakuja, Bi."

Kwanza alimjibu Talib. *Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sikujua. Mungu amrehemu.*

Hapo balaa likafunguka.

*Mkuu!* aliandika Jaribu, mlinzi wa ghala la Micheweni. *Mama kafa na hukutwambia?*

*Nilikwambia. Ulikuwa unakula.*

*Pole mkuu,* aliandika Suhail, mpakizi wao. *Aliumwa nini?*

Kila pole iliyoingia, dirisha liliruka mbele. Shamima akiandika herufi mbili kwa Nyange, likaruka. Tatu, likaruka. Kulifunga hakuweza; bila nukta ile, asingeweza kumwelekeza Nyange alipo Talib.

Akaacha vitufe. Akashika kipanya, akaingia kwenye mipangilio ya mashine. Kinga dhidi ya madirisha yanayojitokeza: *chini*.

Akaivuta hadi *kali kabisa*.

Pole nyingine ikaingia. Safari hii dirisha lilibaki nyuma, likimetameta pembeni kama mtu aliyefungiwa nje.

Na nukta nyekundu ilikuwa imesimama.

Mfiwa haachi pole bila jibu. Talib, asiyemwamini mtu kushika usukani wake, alikuwa amezima injini zote mbili ili ajibu kwa mikono miwili.

*Kofia ya kijani ni wetu,* aliandika Shamima, bila salamu, macho kwenye kioo. *Msimpige. Talib kasimama. Nenda.*

Tuma.

Alisubiri. Feni ilizunguka. Hakuna aliyeandika tena kwenye kundi.

Hatimaye simu.

"Tunao wote," alisema Nyange. "Karafuu pia. Hakuna risasi iliyotoka. Lakini huyu wa kofia analalamika pingu zinambana."

"Talib anamtazama?"

"Hambandui macho."

"Basi mbane kidogo zaidi."

Shamima alishusha Ray-Ban machoni, akachukua Beretta na ubuyu wake, akashuka ngazi.