Sufuria ya Konokono

Sogeeni karibu. Wewe pia, sogea! Leo kuna mpira, na kuna wali.

Huyu ni Sikudhani. Ana miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yameng'olewa.

Huyu ni Babu Ngwali, babu yake. Ndiye nahodha wa kwanza wa Konokono FC. Siku hizi macho yake hayaoni.

Konokono walianza na mpira wa matambara. Wakafungwa. Wakafungwa. Wakafungwa tena! Lakini waliimba:
"Polepole, polepole, Konokono tunafika!"

Siku moja wakafika kweli. Wakashinda fainali! Kombe halikuwepo, basi wakapewa sufuria. Sufuria kubwa, ya kupikia wali wa harusi.

Wakaruka nayo kwa furaha. Ikaanguka. Ko! Ikabonyea.
"Kibonyo cha ushindi!" akacheka Babu.

Tangu hapo, kila waliposhinda fainali, waliigonga kwa jiwe. Ko! Vikafika vibonyo saba. Cha saba kiligongwa kabla Sikudhani hajazaliwa.

Kila mwaka, siku ya klabu, Babu huipapasa sufuria. Kibonyo kimoja, hadithi moja. Kisha watu hula.

Sikudhani alizipenda hadithi zile. Alizijua zote. Lakini alidhani Babu anaipapasa sufuria tu, kama anavyompapasa paka wake.

Mwaka huu akapewa kazi ya kuisugua. Kwaru, kwaru, kwaru! Ikang'aa.
"Lakini imebonyea, masikini," akasema. "Ngoja nimfurahishe Babu."

Akaibiringisha mpaka kwa Fundi Kitwana, aliyehamia mtaani juzi tu.
"Shikamoo, Fundi. Naomba uinyooshe."
"Marahaba, mwanangu. Kazi ndogo hiyo!"
Ti-ti-ti! Ti-ti-ti! Sufuria ikawa laini kama yai.

Jioni watu wakajaa uwanjani. Babu akanyoosha mkono. Akapapasa huku. Akapapasa kule.
"Jamani," akasema taratibu, "hadithi zangu ziko wapi?"

Sikudhani akaelewa. Moyo wake ukaenda du-du-du.
"Ni mimi, Babu," akasema, machozi yakimtiririka. "Nilitaka ipendeze. Nisamehe."

Babu alihuzunika. Kisha akamvuta karibu.
"Vibonyo vimekwenda. Na hadithi je, mama? Nazo zimekwenda?"

Sikudhani akafuta pua.
"Hapana, Babu. Ninazo."
"Basi tusimulie."

Sikudhani akavuta pumzi.
"Cha kwanza ni cha siku mliyopewa sufuria."
Babu akachukua jiwe. Ko!

"Cha pili ni cha mvua kubwa. Kipa Mashaka alidaka mpira. Akadaka na chura!"
Watu wakaangua kicheko. Ko!

"Cha tatu ni cha timu yetu ya akina dada. Walifunga mabao manne, na viatu walivaa kwa zamu!"
Ko!

Akasimulia cha nne, na cha tano, na cha sita. Ko! Ko! Ko! Akasimulia mpaka cha saba, cha penalti iliyotoboa wavu. Ko!

Uwanja mzima ukaimba:
"Polepole, polepole, Konokono tunafika!"

Babu akainua jiwe tena. Ko!
"Babu! Hicho ni cha nane! Ni cha fainali gani?"
"Hakina fainali. Ni cha Sikudhani, aliyeibeba klabu nzima kichwani."

Kisha wakala wali. Sikudhani akala mpaka ukoko.

Usiku, Babu alimfunika shuka. Sikudhani akapitisha ulimi pale penye pengo.
"Babu, hata mimi nina kibonyo. Gusa."
Babu akagusa.
"Ehe! Hiki ni cha ushindi gani?"
"Niling'olewa meno, na sikulia."

Babu akacheka, kisha akaimba kwa sauti ndogo:
"Polepole, polepole..."

Na usingizi ukafika.